Shimo Lenye Mgeni Rasmi: Mwongozo wa Kutengeneza Video za Kejeli ya Siasa na Maisha ya Dar

Masika fulani shimo lilifunguka mtaani kwetu Mwananyamala, mbele ya banda la chipsi. Lilianza kwa kumeza tairi la bodaboda. Wiki ya pili likalaza bajaji ubavu, abiria wakatoka viatu mkononi. Sisi tulikuwa watatu, tuna simu mbili na maiki moja ya kubana shatini, tukasema Mungu katuletea video. Usiku huohuo tukaandika skiti, igizo fupi: kiongozi kavaa suti, kitambi cha mto, anaahidi lami hadi uani kwa watu. Asubuhi nikamsimulia mzee muuza kahawa pale kona. Akacheka kidogo, kwa heshima tu, akanimiminia kikombe cha pili, kisha akauliza: "Mwanangu, shimo lile unajua nani kalichimba?"

Nilikuwa sijui. Kumbe mvua ilikuta kazi imeshaanzwa. Mwenye nyumba mmoja wa mtaa uleule alikata barabara usiku kupitisha bomba la maji kwenda kwenye vyumba vyake vya kupangisha, akafukia kwa mchanga na vifuu vya nazi, akaenda kulala. Mtaa mzima unajua. Mtaa mzima unailaumu serikali, kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayekopesha watu hela za msiba.

Skiti ya kitambi tukaitupa. Iliyozaliwa baada yake ndiyo nitakayoitumia hapa kama mfano, tangu wazo mpaka simu zilipoanza kupigwa.

Hatua ya 1: Tafuta aliyechimba

Video nyingi za kejeli za mjini hapa zinakufa kwa kosa moja: mchekeshaji anamcheka asiyehusika. Unampiga konda vijembe vya nauli, wakati viwango vya nauli za daladala vinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Unamsema mwenye kituo cha mafuta, wakati bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Barabara ya Morogoro ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, lakini njia ya kuingia kwenu huenda ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Hata mwendokasi, ambao kila mtu ana hadithi yake ya kugombania mlango pale Kimara, una mikono zaidi ya mmoja: DART ni wakala wa serikali, na UDART ni kampuni iliyoanza kuendesha mabasi mwaka 2016. Ukichanganya hivi vitu, atatokea mmoja anayejua, ataandika komenti ya mstari mmoja, na wengine mia watamfuata bila hata kuitazama video.

Kwa hiyo nunua daftari. Sisi kila wazo tunalitengea kurasa tatu. Wa kwanza: nini kimetokea, lini, imeandikwa wapi, ukurasa wa ngapi. Wa pili: nani anahusika kisheria, na nani anahusika kikweli (hawa mara nyingi ni watu wawili tofauti, na nafasi iliyo katikati yao ndiyo yenye vichekesho). Wa tatu: watu wanasemaje kijiweni, kwa maneno yao yaleyale. Ukurasa wa tatu ndio unaochekesha, ila wa kwanza ndio utakaokutoa kituo cha polisi.

Malighafi ina misimu yake kama maembe. Januari ni ada za shule na sare. Mwisho wa Machi CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti, na Aprili inaingia bungeni; hapo utapata mambo ambayo mwandishi wa vichekesho hathubutu kubuni, akiogopa kuambiwa katia chumvi. Machi mpaka Mei ni masika na mafuriko ya Jangwani. Juni ni hotuba ya bajeti Dodoma, na wakati mwingine bajeti huzaa kitu kinachomgusa kila mwenye simu, kama tozo za miamala zilizoanza Julai 2021 na kupunguzwa kabla mwaka haujaisha. Soma aya yenyewe, usiishie kwenye kichwa cha habari. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge nazo zinapatikana bure, na mule kuna majibu ya maswali yanayohitaji kubadilishwa neno moja tu yawe skiti.

Hatua ya 2: Chagua wa kumcheka

Hapa tuna shule ya zamani kuliko intaneti. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani; mtani anaweza kuja msibani akafanya vituko hadi kaburini, akadai alipwe ndipo aondoke, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Haki hiyo inadumu kwa sababu inarudi: kesho msiba ukiwa kwako, naye atakuja. Simba na Yanga wanaishi kwa kanuni hiyohiyo. Mtani ni mtu anayeweza kukujibu.

Basi pima mlengwa wako kwa swali hilo. Waziri anaweza kukujibu. Mkurugenzi wa halmashauri ana msemaji na ukurasa wa mtandaoni. Mama lishe wa Buguruni, mgonjwa aliyelala korido, mtu mwenye ualbino, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu: hawa hawana pa kukujibia. Wanaweza kuwamo kwenye skiti, tena ndio wanaoifanya iwe ya kweli, ila kicheko kisiishie kwao.

Nimeshakosea hapo. Tulitengeneza video ya dada wa kazi anayevuruga r na l, ikatazamwa sana kuliko zote za mwezi ule. Kesho yake dada anayefanya kazi kwa jirani akanisalimia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, hakusema lingine, akapita na ndoo yake. Niliifuta kabla hajafika getini kwao.

Cheka tendo. Urefu wa mtu, ngozi yake, kabila, dini na ndoa yake havihusiani na maji kukatika. Tena usiige sura ya kiongozi halisi kama huna sababu nzito. Najua Ze Comedy, baadaye Orijino Komedi, walituchekesha kwa kuigiza watu tuliowajua, na Kenya tangu 2009 The XYZ Show ilitumia vikaragosi vyenye sura za viongozi wenyewe, kazi ya Gado, mchoraji aliyezaliwa hapahapa Dar. Hao walikuwa na vituo vya runinga nyuma yao. Wewe una bando la wiki. Njia ya Chakubanga, yule mhusika wa katuni za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, inakufaa zaidi: buni mtu mmoja, mpe tabia, umrudishe kila wiki mpaka watu waanze kumwita mwanasiasa wao kwa jina la mtu wako.

Sisi tulibuni mtaa. Unaitwa Mtaa wa Tuvumilie. Mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Tutaliangalia. Hana chama, hana kabila, ana kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki.

Hatua ya 3: Andika

Hapa usiwe na haraka, maana kamera nzuri haijawahi kuokoa maandishi mabovu.

Mgodi wetu mkubwa ni lugha ya ofisi. Hakuna nchi iliyojaliwa kama yetu. Itifaki imezingatiwa. Mchakato unaendelea. Tupo mbioni. Upembuzi yakinifu umekamilika. Wadau wameshirikishwa. Na "changamoto", neno lililomeza shida, kero, aibu na wizi, yote kwa mkupuo. Kazi yako ni kulichukua neno la jukwaani ukaliweka lisipokaa. Mtoto anauliza chakula, baba anajibu kwamba ugali uko kwenye hatua za awali, na maharage yanasubiri mwaka ujao wa fedha. Mke anauliza hela ya matumizi, mume anaomba aundiwe kamati. Mwigizaji asicheke, wala asikonyeze macho. Aseme kama anaamini, na hapo ndipo mtazamaji ataanguka.

Huu ndio moyo wa skiti ya shimo, kama tulivyoiandika:

Utepe umefungwa juu ya shimo, kati ya matairi mawili chakavu. Viti vya plastiki. Meza kuu ina kitambaa na chupa moja ya maji.

MSHEREHESHAJI: Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa dini, wadau wote wa shimo, itifaki imezingatiwa.

KATIBU (anasoma risala): Mheshimiwa, shimo letu lilianza likiwa na kina cha sentimita 10 tu. Kwa ushirikiano wa wananchi, leo limefika mita 1, na limetoa ajira kwa vijana wanne wanaosukuma magari.

Makofi. Mama mmoja anapiga vigelegele.

MGENI RASMI: Niwapongeze sana. Kuna mitaa mpaka leo haina hata shimo moja.

KATIBU: Changamoto yetu, Mheshimiwa, ni kwamba hatujui nani alilichimba.

Kimya. Watu wote wanageuka polepole kumtazama mzee mmoja wa meza kuu. Miguuni pake pamelala bomba la maji. Yeye anatazama juu, kama anayeangalia ndege.

MSHEREHESHAJI (haraka): Sasa tumkaribishe mfadhili mkuu wa shughuli ya leo!

Angalia alivyosemwa mwenye nyumba bila kutajwa. Angalia pia kwamba serikali haikupona: imekuja kuzindua badala ya kuuliza. Na wakazi nao hawakupona, maana ndio waliopiga makofi. Skiti inayopiga sehemu tatu inadumu. Ile ya kitambi ingepiga moja, tena pasipohusika.

Urefu: sekunde 90 zinatosha. Kwa mwendo wa maongezi yetu hiyo ni ukurasa mmoja wa daftari kwa mwandiko wa kawaida, na bado unahitaji kuacha nafasi ya kimya. Kimya kile cha watu kugeuka tulikipa sekunde nne, na rafiki yetu mhariri aliyetaka kukikata tuligombana naye hadi usiku. Sekunde tatu za mwanzo zionyeshe kitu cha ajabu kabla hujasalimia mtu. Utepe juu ya shimo. Ukianza na "mambo vipi wanangu, karibuni tena kwenye ukurasa wetu," kidole cha mtazamaji kimeshapanda juu.

Baada ya skiti, kama unataka video iwe na maoni pia, yatenge. Sisi tunabadilisha shati na ukuta wa nyuma, mmoja anaongea na kamera sekunde 20 bila utani: "Ukitaka kukata barabara kupitisha bomba, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataka upate kibali cha mamlaka ya barabara. Ofisi ya mtaa wako itakuelekeza pa kuanzia." Basi. Mtazamaji ajue mzaha umeishia wapi na ukweli umeanzia wapi. Utaona umuhimu wa jambo hili ukifika kwenye sheria.

Kisha nenda kijiweni ukasome kwa sauti, na usiwaambie ni skiti. Simulia kama jambo lililotokea. Wasipocheka mahali fulani, pafute hapo papo. Wakikukatiza na kuongeza la kwao, liandike, kwa sababu limekuzidi. "Kuna mitaa mpaka leo haina hata shimo moja" si la kwangu. Ni la fundi viatu wa pale kona, na tulimlipa soda na supu.

Hatua ya 4: Sheria, kabla ya kamera

Hatua hii watu wanairuka, halafu wanaikumbuka wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao.

Mchekeshaji Idris Sultan, yule mshindi wa Big Brother Africa ya 2014, alishikiliwa na polisi Oktoba 2019 baada ya kuweka picha zilizobadilishana sura yake na ya Rais Magufuli. Mei 2020 akashikiliwa tena, baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya rais. Ona kwamba ya pili hakuigiza wala hakuandika kitu. Alicheka. Basi usijidanganye kwamba neno "utani tu" ni ngao.

Sheria ya kwanza kuijua ni ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinahusu kusambaza taarifa za uongo au za kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kejeli inayofanana mno na taarifa ya habari ndiyo inayoingia hapo. Kwa hiyo usitumie nembo wala muziki wa kituo halisi cha runinga, usitengeneze barua ya bandia yenye nembo ya taifa, na usiweke takwimu ya kubuni mdomoni mwa mtu halisi. Andika "KICHEKESHO" kwenye picha tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, siyo kwenye maelezo tu. Watu watakata kipande cha sekunde 10 na kukirusha WhatsApp, na maelezo yako hayatasafiri nacho.

Ya pili ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Zilipotoka mwaka 2018 zilileta ada ya leseni ya shilingi milioni 1, mbali na laki 1 ya maombi, na wenye blogu wengi walifunga virago. Zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Kwa kazi yetu swali ni moja: je, unafanya vichekesho, au unasoma habari na kuendesha mijadala ya siasa kama kituo cha runinga? Ukianza kuelekea upande wa pili, nenda TCRA pale Barabara ya Sam Nujoma, ueleze unachofanya na uulize kwa maandishi leseni inayokuhusu, na majibu yao yahifadhi. Kanuni hizo zinakuhusu hata usipokuwa na leseni: matusi, uchochezi wa udini na ukabila, picha za maiti, watoto kwenye mazingira mabaya.

Mavazi. Gwanda la jeshi au linalofanana nalo usiliguse; mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha. Sare ya polisi nayo inahitaji kibali. Sisi askari wa Mtaa wa Tuvumilie anavaa koti la mvua la njano na kofia ya sungusungu aliyoishona mwenyewe. Anachekesha kuliko ambavyo angechekesha akiwa na sare.

Mahali. Usielekeze kamera Ikulu, kambi, bandari au kituo cha polisi. Vituo vya mwendokasi na feri omba ruhusa, au tafuta ukuta unaofanana. Kwenye mtaa wako anza kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa: "Shikamoo mzee, tunaomba kupiga video ya kuchekesha hapa Jumamosi saa moja asubuhi, watu kumi, kwa muda wa saa mbili tu." Ukimweleza mapema anakuletea viti. Akiwakuta barabarani atakuja na mgambo.

Watu wanaopita nyuma ya kamera nao wana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, kumrusha mtu mtandaoni akiwa kwenye kanga yake ya uani ni utovu wa adabu. Waombe, au wafiche. Mtoto acheze kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa.

Hatua ya 5: Kupiga picha

Sauti kwanza. Picha yenye chengachenga watu wanaivumilia. Sauti inayosikika kama iko ndani ya pipa hawaivumilii. Hela ya kwanza inunue maiki, hata kabla ya taa. Ukienda Kariakoo ijaribu palepale dukani: rekodi, weka spika za masikioni, sikiliza, ndipo utoe hela. Sisi tuliwahi kupiga skiti nzima ya dakika 2 na maiki haijawashwa. Kwa hiyo siku hizi kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusikiliza tu, na yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema "rudia".

Dar ina kelele zake na ratiba zake. Saa moja asubuhi Jumamosi ni pazuri. Saa tatu fundi welding ameamka. Adhana ikianza simama, pumzika, nywa maji, mwendelee ikiisha. Ndani ya chumba, ninginiza godoro na mashuka nje ya eneo la picha ili sauti isirudi. Ufukweni Coco upepo utaimeza sauti yote usipoivalisha maiki sponji yenye manyoya.

Mwanga ni bure, lakini una masharti. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo mchana jua linakaa utosini na macho ya waigizaji yanageuka mapango. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Ukilazimika mchana, ingieni chini ya mwembe au kivuli cha turubai jeupe, siyo la bluu, maana bluu inawageuza watu wote maiti.

Chini ya taa za umeme, picha ikipigapiga kama macho ya mlevi, tatizo ni hili: umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi zimepangwa fremu 30. Weka fremu 25 na kasi ya shata 1/50 kwa programu yoyote ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe. Funga pia fokasi na mwanga kwa kushikilia kidole kwenye uso wa mwigizaji, la sivyo picha itakuwa inang'aa na kufifia kila mtu mwenye shati jeupe anapopita.

Piga kila mstari mara mbili: mara moja watu wote wakionekana, mara moja uso wa anayesikiliza. Kicheko kinakaa kwenye uso wa anayesikiliza. Kama simu zenu ni mbili, ya pili iwe huko muda wote.

Hatua ya 6: Kuhariri

Tumia programu ya CapCut au yoyote uliyoizoea. Kata mwanzo wa kila kipande mpaka neno la kwanza, ila vimya ulivyoviandika viache. Weka manukuu, kwa sababu wengi wanatazama ndani ya daladala bila sauti, na yapandishe juu kidogo, chini kabisa yanafunikwa na vitufe. Kiswahili cha manukuu kikaguliwe na mtu mwenye jicho: kejeli yenye makosa ya tahajia inamgeukia aliyeiandika.

Muziki wa msanii anayevuma utakuletea video iliyonyamazishwa, na hakimiliki ina sheria yake ya mwaka 1999 na ofisi yake, COSOTA. Kijana wa mtaani mwenye ngoma moja na kopo la rangi atakupa mdundo wako mwenyewe mchana mmoja. Sura au sauti ya kiongozi iliyotengenezwa kwa akili mnemba usiiguse kabisa. YouTube na TikTok zinataka maudhui ya aina hiyo yanayofanana na ukweli yawekewe alama, na kifungu cha 16 nimeshakitaja.

Hatua ya 7: Kupandisha

Saa moja usiku hadi saa tatu, watu wakiwa kwenye foleni ya Mandela au wamekaa wakisubiri chakula. Tengeneza nakala mbili: moja safi, moja nyepesi kwa ajili ya WhatsApp, kwa sababu bando la mtazamaji wako ni la jero. Maelezo yawe mafupi na yasieleze kichekesho.

Kwa wanaouliza kuhusu hela: YouTube inagawana nawe mapato ya matangazo ukifikisha wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za video fupi ndani ya siku 90. Tangu Oktoba 2024 video fupi zinaruhusiwa kufika dakika 3. Lakini hapa kwetu hela ya haraka ni ya matangazo ya maduka, na hapo kuwa mkali. Mwenye duka akikulipa, sema amekulipa. Mwanasiasa akitaka kukulipa umcheke mpinzani wake, mjibu kwamba mchakato unaendelea.

Hatua ya 8: Simu zitakapoanza kupigwa

Yetu ilikuja siku ya tatu. Nilidhani ni mtendaji. Alikuwa ni yeye mwenye nyumba.

"Kijana, siku hizi hata shikamoo hunipi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yule mfadhili wenu wa kwenye video, ni nani yule?"

"Ni mtu wa kubuni, mzee. Wa Mtaa wa Tuvumilie."

Akakaa kimya, kirefu kuliko zile sekunde nne. "Anafanana na mtu," akasema, akakata. Jumamosi lori la kifusi likashusha mzigo mbele ya banda la chipsi, na hakuna aliyekata utepe.

Akipiga mtendaji kweli, pokea kwa heshima, uliza ni sehemu gani hasa inayolalamikiwa, omba mwito wa maandishi, na usiende peke yako. Wito ukitoka polisi, mjulishe ndugu mmoja na mwanasheria kabla hujatoka nyumbani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kina watu wa msaada wa kisheria. Chukua daftari lako, ukurasa wa kwanza.

Kama umekosea, sahihisha palepale ulipokosea. Tuliwahi kutaja halmashauri isiyo yenyewe (Dar ina tano, na mpaka wa Ubungo na Kinondoni unatesa hata wenyeji). Tulirudi kesho yake na Mheshimiwa Tutaliangalia akiomba radhi kwa halmashauri zote tano, moja baada ya nyingine, huku akisoma kwenye bahasha ya sambusa. Video ya radhi ikatazamwa zaidi ya ile yenye kosa.

Hifadhi kila kitu nje ya mtandao: vipande ghafi, maandishi, ridhaa, barua. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, wenye kazi zao mawinguni tu walibaki wanatazama kioo cha simu. Diski moja ya nje, na nakala nyingine kwa mtu mnayeaminiana, asiishi nyumba moja na wewe.

Na hela ikiingia, hata iwe elfu hamsini, gawaneni siku hiyohiyo mbele ya wote kwa karatasi iliyoandikwa kabla ya video kupigwa: mwandishi kiasi gani, mwigizaji kiasi gani, mwenye simu kiasi gani, nauli na chakula vitoke kwanza. Kundi letu la kwanza halikuvunjwa na polisi wala na TCRA. Lilivunjwa na elfu thelathini na mtu aliyesema "tutaliangalia".